Maswali ya Wasomaji: Wakili akiharibu kesi, mahakama hupima nini?

Barua nyingi safari hii zinauliza jambo moja kwa sura tofauti: wakili kakosea, je, mteja atalipwa? Tumechagua saba. Majibu yanafuata kanuni za nchi ambazo sheria zake zilitokana na za Uingereza. Mifano mingi ni ya Uingereza na Marekani, kwa kuwa mahakama za huko zimekuwa zikiamua mashauri ya aina hii kwa miaka mingi. Pale kanuni zinapoachana, tumesema.

SWALI: Niligongwa na gari nikavunjika mguu. Nilimkabidhi wakili nyaraka zote, akapokea ada, akalikalia jalada hadi muda wa kufungua kesi ukapita. Amekiri kwa maandishi kwamba alisahau. Nikimshtaki yeye, si nimeshashinda?

JIBU: Pole sana, ndugu. Hujashinda bado, na ni afadhali ulijue hilo mapema kabla hujaingia gharama nyingine.

Mahakama inataka mambo manne: kwamba alikuwa wakili wako katika shauri lile; kwamba kazi yake ilikuwa chini ya kiwango; kwamba kosa lake ndilo lililokukosesha; na kwamba ulichokosa kinahesabika. Barua yake ya kukiri inakupa mawili ya mwanzo. Haya mawili ya mwisho ndiyo yanayowaangusha wadai wengi.

Jaji atauliza: kama wakili angefungua kesi ndani ya muda, wewe ungepata nini? Jibu halipatikani bila kuisikiliza kesi ya gari yenyewe, ndani ya kesi ya wakili. Wanasheria huiita kesi ndani ya kesi. Itabidi ulete shahidi aliyeona ajali, mchoro wa polisi, ripoti ya daktari, risiti za matibabu na hati za mshahara uliokosa, kana kwamba dereva ndiye mdaiwa. Na yule uliyemlipa akutetee sasa atasimama upande wa dereva. Atasema ulivuka bila kutazama, kwamba gari halikuwa na mwendo, kwamba mguu ulikuwa mbovu tangu zamani. Jambo hilo linauma, lakini sheria inamruhusu kutumia kila utetezi ambao dereva angekuwa nao. Mahakama ikiona ulichangia ajali kwa asilimia 30, fidia yako itakatwa asilimia 30, kama ambavyo ingekatwa katika kesi ya awali.

Ukivuka hapo lipo swali jingine ambalo watu hulisahau: dereva angelipa kwa nini? Hukumu dhidi ya mtu asiye na bima, nyumba wala mshahara wa kukamatwa ni karatasi tupu, na wakili aliyekupotezea karatasi tupu hajakupotezea fedha. Katika majimbo mengi ya Marekani, mteja ndiye anayetakiwa kuthibitisha kwamba hukumu ile ingekazika, yaani ingelipwa kweli; majimbo mengine yamemwekea wakili mzigo wa kuonyesha kwamba isingekazika. Kwa hiyo tafuta sasa hivi jina la kampuni ya bima ya gari lile, namba ya hati ya bima na kiwango cha juu ambacho ingelipa.

Uingereza ina njia laini kidogo. Mwaka 1958 Mahakama ya Rufani iliamua shauri la mjane ambaye mumewe alikufa kwa kupigwa na umeme nyumbani. Mawakili waliacha miezi 12 ya kufungua kesi ikapita. Kesi ile ingempa pauni 3,000 kwa juu kabisa, na hakuna aliyeweza kusema kwa hakika kwamba angeshinda. Mahakama ikasema alichopoteza ni nafasi, na nafasi ina thamani; ikampa pauni 2,000, yaani theluthi mbili. Marekani, kwa jumla, hawagawi hivyo. Ukionyesha kwamba ulikuwa na uwezekano wa kushinda unaozidi nusu, unapata yote. Usipofika hapo, hupati kitu.

Ila hata Uingereza hesabu ya nafasi inahusu yale ambayo watu wengine wangefanya. Yale ambayo wewe mwenyewe ungefanya lazima uyathibitishe. Mwaka 2019 Mahakama ya Juu ya nchi hiyo iliamua kesi ya mchimba makaa ya mawe mstaafu aliyeharibika vidole kwa mtikisiko wa mashine. Wakili wake alimalizana na upande wa pili kwa pauni 11,600 bila kumweleza ipasavyo kwamba angeweza pia kudai gharama ya kusaidiwa kazi za nyumbani asizoziweza tena, kama bustani na matengenezo madogo madogo. Uzembe ulikubaliwa. Lakini jaji aliyemsikiliza hakuamini kwamba kazi zile zilikuwa zimemshinda, hivyo asingeweza kuleta dai la kweli. Mahakama ya Rufani ilimpa ushindi, lakini Mahakama ya Juu ikarudisha uamuzi wa jaji yule, akakosa yote.

SWALI: Nilimwona wakili mara moja tu, nikamweleza tatizo, akasema "hapa sioni kesi." Sikumlipa, hatukusaini chochote. Baadaye nimeambiwa kesi ilikuwepo na muda umekwisha. Anaweza kusema mimi sikuwa mteja wake?

JIBU: Atasema hivyo, na anaweza kushindwa. Mahakama haitazami saini na malipo peke yake. Inauliza kama uliomba ushauri wa kisheria, kama ulipewa, na kama mtu wa kawaida angeutegemea.

Shauri linalotajwa sana ni la Mahakama ya Juu ya Minnesota, mwaka 1980. Mke wa mgonjwa aliyepooza baada ya matibabu alionana na wakili kwa muda usiozidi kama saa moja. Wakili alisema haoni kesi, lakini angezungumza na mwenzake. Hakumpigia tena, na mama yule akachukua ukimya ule kuwa jibu. Wakili hakuwa ameomba rekodi za hospitali, hakuwa ameuliza mtaalamu, wala hakumwambia kwamba muda wa kushtaki daktari ulikuwa miaka 2. Mama yule alipomwendea wakili mwingine, mlango ulikuwa umefungwa. Juri, yaani raia walioteuliwa kuamua kesi, iliwapa mke na mume zaidi ya dola 600,000 kwa pamoja, na rufani ya mawakili ikakataliwa.

Utaona kwamba wakili hakuadhibiwa kwa kukataa kesi. Wakili ana haki ya kukataa kesi. Kosa lilikuwa kutoa maoni juu ya kesi bila kuichunguza na bila kutaja tarehe ya mwisho. Ndiyo sababu ofisi makini humwandikia anayekataliwa barua fupi: hatukuwakilishi, muda una kikomo, tafuta wakili mwingine haraka. Kama ulipewa barua ya namna hiyo, hali yako ni ngumu. Kama hukupewa, tafuta chochote kinachoonyesha mlikutana na mliongea nini: ujumbe wa simu, kitabu cha wageni, maneno uliyomwandikia ndugu yako jioni ileile. Maandishi ya siku ya tukio yana uzito kuliko kumbukumbu ya miaka 5 baadaye.

SWALI: Nimegundua kosa la wakili wangu miaka 4 baada ya kulifanya. Nimechelewa?

JIBU: Inategemea nchi, na ndani ya Marekani inategemea jimbo. California inatoa mwaka 1 tangu ulipogundua au ulipopaswa kugundua, au miaka 4 tangu kosa lenyewe, chochote kitakachotangulia. Saa hiyo husimama wakati wakili bado anakuwakilisha katika jambo lilelile, au kabla hujapata hasara halisi. New York ni miaka 3 tangu kosa, hata kama hukujua, isipokuwa kipindi ambacho aliendelea kukushughulikia katika shauri lilelile. Uingereza ni miaka 6, na katika dai la uzembe unaweza kuongezewa miaka 3 tangu ulipopata kujua, ila si zaidi ya miaka 15 tangu uzembe ulipofanyika.

Hapa ndipo tunapoona watu wakiumia mara mbili. Kosa linatokea, wakili anasema "tulia, nitalirekebisha kwa rufani," mteja anatulia, rufani inachukua miaka, na muda wa kumshtaki wakili unakwisha rufani ikiendelea. Usitegemee kwamba kungoja rufani kunasimamisha saa. Wakili mwingine anaweza kukuombea mwandikiane makubaliano ya kusimamisha hesabu ya muda hadi rufani iishe, au afungue kesi kisha aombe mahakama iisimamishe kwa muda. Yote mawili ni ya kawaida.

SWALI: Baba aliniahidi shamba katika wosia mpya. Alimwagiza wakili auandike, wakili akazembea wiki nyingi, baba akafariki na wosia wa zamani. Mimi sikuwa mteja wa wakili yule. Nina haki gani?

JIBU: Poleni kwa msiba. Suala lako linafanana sana na shauri lililofika Baraza la Malodi, iliyokuwa mahakama ya juu kabisa ya Uingereza, mwaka 1995. Mzee aligombana na binti zake wawili, akawaondoa katika wosia wa Machi 1986. Wakapatana. Mwezi Julai aliwaandikia mawakili kwamba sasa kila binti apate pauni 9,000. Mawakili hawakuandaa wosia mpya. Mzee alifariki Septemba 14 mwaka huohuo. Majaji 3 kati ya 5 waliona kwamba bila kuwapa mabinti dai, kungekuwa na pengo lisilokubalika: mirathi ya marehemu haikupungukiwa, hivyo msimamizi hana cha kudai, na walioumia hawakuwa na mkataba na wakili. Mabinti wakashinda.

California ilifungua mlango huo mapema zaidi, mwaka 1961. Texas ikaufunga mwaka 1996: huko mrithi ambaye hakuwa mteja hawezi kumshtaki wakili aliyeandaa wosia vibaya.

Mlango ukiwa wazi, ushahidi wako ni nia ya marehemu, na lazima uwe imara: barua aliyoandika, maelezo ya wakili ya siku ile, rasimu iliyoachwa nusu. Ahadi ya mdomo mezani wakati wa kula haitoshi. Kama baba alisema "nitafikiria kwanza," hapakuwa na agizo la kutekeleza. Umri na afya yake navyo vitaangaliwa: wiki 6 zinaweza kuvumilika kwa mtu mzima wa afya, na zikawa uzembe mkubwa kwa mgonjwa aliyelazwa.

SWALI: Wakili wangu alikataa kumwita shahidi niliyemtaka, tukashindwa. Je, huo si uzembe?

JIBU: Mara nyingi si uzembe. Wakili hupimwa kwa kipimo cha wakili mwenye ujuzi wa kawaida aliyekuwa katika hali ileile siku ile, na matokeo ya baadaye hayaingii katika kipimo hicho. Akijitangaza kuwa bingwa wa fani fulani, atapimwa na mabingwa wa fani hiyo. Uamuzi wa kutomwita shahidi anayeweza kujikanyaga akihojiwa na upande wa pili ni uamuzi wa kazi, na mahakama haitauhukumu kwa sababu tu kesi ilipotea.

Ulinzi huo una sharti moja zito: uamuzi uwe umetokana na uchunguzi. Mwaka 1975 Mahakama ya Juu ya California ilikataa kumwokoa wakili wa talaka ambaye hakudai sehemu ya mke katika pensheni ya jeshi ya mume. Alijitetea kwamba sheria ya wakati ule haikuwa imetulia. Ni kweli haikuwa imetulia, lakini vitabu vya kawaida vya kisheria vilionyesha kwamba dai lilikuwa na nguvu, na yeye hakuwa amevifungua. Juri ilikuwa imempa mama yule dola 100,000, na zikabaki. Kwa hiyo swali la kuuliza katika kesi yako ni hili: alizungumza na shahidi wako kabla ya kumkataa? Kama hakuwahi hata kumpigia simu, una hoja.

Kuhusu uthibitisho: Marekani karibu kila mara utahitaji shahidi mtaalamu, wakili mwingine atakayeeleza kiwango kilikuwa kipi na kilivunjwa wapi. Asipokuwepo, kesi inaweza kutupwa kabla haijasikilizwa. Hahitajiki pale kosa linapoonekana na yeyote, kama kupitisha tarehe. Uingereza jaji mara nyingi hujipimia mwenyewe.

Wengine wametuuliza kama kuvunja kanuni za maadili kunatosha. Kanuni za mfano za Chama cha Mawakili cha Marekani zinasema wazi kwamba kuzivunja peke yake hakumpi mteja dai, ingawa mahakama nyingi huupokea ukiukaji kama ushahidi wa kiwango. Chombo cha nidhamu kinaweza kumsimamisha wakili au kumfutia usajili. Fidia ya kesi uliyopoteza inatafutwa mahakamani. Usaliti wa uaminifu ni jambo tofauti. Wakili aliyekuwa akiwatumikia kwa siri wapinzani wako anaweza kuamriwa arudishe ada hata kama huwezi kuonyesha hasara. Mahakama ya Juu ya Texas iliamua hivyo mwaka 1999, kwa ukiukaji ulio wazi na mzito.

SWALI: Ndugu yetu amefungwa kwa sababu wakili wake alilala usingizi wa kazi. Tumshtaki wakili?

JIBU: Kwanza hukumu ya jinai. Katika majimbo mengi ya Marekani, aliyetiwa hatiani hawezi kumdai wakili wa utetezi mpaka hukumu ile itenguliwe, na California inamtaka pia athibitishe kwamba hakutenda kosa lenyewe. Hoja ya majaji ni kwamba mtu asilipwe kwa adhabu aliyostahili. Sisi tunaona kanuni hiyo inamkandamiza mtu aliyekuwa na hatia ndogo akafungwa kwa kubwa, lakini ndiyo iliyopo. Elekezeni nguvu na fedha kwenye rufani, na kwa wakati huohuo mpate ushauri kuhusu saa ya dai dhidi ya wakili inaanza lini.

Nchi nyingine zilikuwa na kinga kamili ya kutoshtakiwa kwa kazi ya wakili mbele ya jaji. Uingereza iliithibitisha mwaka 1967 na kuiondoa mwaka 2000. New Zealand iliiondoa mwaka 2006. Australia iliamua mwaka 2005 kuibakiza.

SWALI: Wakili aliyeniharibia ameniita ofisini, ameniomba radhi na kunipa karatasi nisaini ili anirudishie ada yangu. Nifanye nini?

JIBU: Usisaini siku hiyo. Karatasi hiyo huenda inasema kwamba humdai tena chochote, kwa lolote. Kanuni za Marekani tulizozitaja zinamkataza wakili kumalizana na mteja asiye na wakili mwingine bila kumshauri kwa maandishi atafute ushauri huru na kumpa muda wa kutosha kufanya hivyo. Kama hakukupa maandishi hayo, hilo lenyewe litasomwa vibaya dhidi yake.

Kisha omba jalada lako kwa barua yenye tarehe: hati za mahakama, barua, maelezo ya mikutano, orodha ya saa alizotoza. Orodha ya saa ina siri nyingi. Aliyeandika "kupitia sheria, saa 0.2" kwa suala gumu amekuandalia ushahidi. Tengeneza ukurasa mmoja wa tarehe, kuanzia siku mliyokutana hadi siku uliyogundua kosa, na mbele ya kila tarehe andika hati inayoithibitisha. Pale usipokuwa na hati, acha wazi. Wakili mpya atajua pa kutafuta.

Wakili aliyekuharibia akinyamaza ghafla, usidhani anakudharau. Bima nyingi za mawakili hulipa kwa hati iliyo hai siku dai linapotolewa, hata kama kosa ni la zamani, na zinamtaka aitaarifu kampuni upesi na asikiri lolote bila ruhusa yake. Hivyo dai lako liandike kwa barua rasmi: ulimwagiza nini na lini, alifanya nini au hakufanya nini, ilipasa iweje, umepoteza kiasi gani na umekihesabuje. Ukimshtaki, fahamu pia kwamba siri kati yenu inafunguka kwa yote yanayohusu dai, hata yale uliyomwambia ukiwa na hasira au ukijilaumu. Nchini Uingereza utaratibu wa kabla ya kesi unampa wakili siku 21 kukiri kwamba amepokea barua, kisha miezi 3 ya kuchunguza na kujibu. Hesabu muda huo dhidi ya ukomo wako kabla hujaituma.